Chanjo za samaki hupimwaje usalama?

Ndugu, umeuliza kama kuna anayepima chanjo za samaki wa kufuga, au wanadunga tu. Wanapima. Chukua samoni wa Norway: samaki mchanga hupewa dawa ya usingizi, hudungwa tumboni, kisha hufuatiliwa sambamba na wenzake wasiochanjwa. Vifo, ulaji, ukuaji, vyote huandikwa.

Ila penye utata ni tumboni. Chanjo nyingi za sindano huchanganywa na mafuta ili kinga idumu, na mafuta hayo huweza kuacha madoa meusi na makovu yanayoshikanisha utumbo, ini na ukuta wa tumbo. Kwa hiyo samaki hupasuliwa na kupewa alama kwa kipimo cha Speilberg: 0 ni safi kabisa, 6 viungo vimegandana hata kumtoa matumbo ni kazi. Alama 1 au 2 ni kawaida. Mimi naona ni gharama ndogo: mwaka 1987 wafugaji wa huko walitumia karibu tani 50 za antibayotiki, siku hizi, kwa samaki wengi zaidi, haifiki tani 1, na chanjo ndiyo sababu kubwa.

Kuhusu usalama wa mlaji, muda mrefu hupita kati ya sindano na sahani: sindano hupigwa kabla samaki hajapelekwa baharini. Huvunwa baada ya mwaka au zaidi.