Florence na Pisa kwa siku moja kutoka melini: jibu kwa mwenye watoto na bibi

Ndugu yangu, umeuliza kama ununue matembezi ya "Florence na Pisa" ya siku moja meli yenu ya utalii ikifunga gati Livorno, Italia, nawe una watoto wawili na mama mzazi anayelalamika magoti. Usinunue. Hilo ndilo jibu lenyewe, na kama una haraka unaweza kuishia hapo. Sisi tulinunua matembezi ya jina hilo hilo, nasi tulikuwa na mama mkwe wangu, mtoto wa miaka kumi na mdogo wake wa miaka sita. Kampuni ya meli siitaji, kwa sababu karatasi hizi za maelezo ya matembezi zinafanana mno na nisingependa ujifariji kwamba yenu ni tofauti.

Anza na ramani. Meli nyingi huandika "Florence/Pisa" kwenye ratiba, jina la Livorno likafuata kwa haya, na abiria anajenga picha kwamba atashuka ngazi na kuliona kuba la Kanisa Kuu la Florence. Livorno ni bandari kubwa ya mizigo. Ukishuka unaona makontena na kreni, na hata kutoka nje ya geti kwa miguu huruhusiwi, lazima upande basi linalopeleka abiria mjini. Florence iko kama kilomita 90 kutoka hapo. Pisa iko karibu, kilomita ishirini na kitu tu. Kwa hiyo matembezi ya miji yote miwili ni pembetatu ya barabara: kwenda Florence saa moja na nusu, kutoka Florence hadi Pisa zaidi ya saa nzima, kurudi melini nusu saa kama njia ni nyeupe. Hizo ni zaidi ya saa tatu umekaa kitini, ndani ya kile karatasi inachokiita "matembezi ya saa kumi".

Zilizobaki nazo hazikuwa zetu. Asubuhi mnakusanywa kwenye ukumbi wa maonyesho wa meli, mnabandikwa stika yenye namba ya basi, mnasubiri mpaka namba iitwe, mnashuka kwa foleni, kisha mnaketi kwenye basi kuisubiri ile familia moja ambayo haijamaliza kifungua kinywa. Kila kundi lina familia hiyo. Njiani kuna kusimama kwa ajili ya choo, watu karibu hamsini na mlango mmoja. Mabasi makubwa hayaingii katikati ya Florence, kwa hiyo mnashushwa kando ya mto Arno na kutembea. Pisa ni hivyo hivyo: yanaegeshwa Via Pietrasantina, na kutoka hapo hadi kwenye Mnara unaoinama ni mwendo wa robo saa kwa mtu mzima mwenye afya. Kwa mama mkwe ilikuwa zaidi, na mwendo huo ni wa kwenda na kurudi.

Mwongozaji wetu sina neno baya juu yake. Mama mmoja mwenye sauti ya mwalimu, anaujua mji wake, na kwenye basi alitusimulia habari za Pisa hadi abiria wenye usingizi wakafumbua macho: kwamba Mnara ulianza kujengwa mwaka 1173 na ukaanza kuinama hata kabla haujafika juu kwa sababu ardhi ya upande mmoja ni laini, kwamba ulifungwa mwaka 1990 kwa hofu ya kuanguka, wahandisi wakawa wanachota udongo kidogo kidogo chini ya upande wa kaskazini hadi ukarudi nyuma kama nusu mita hivi, ukafunguliwa tena mwaka 2001. Mwanangu mkubwa alisikiliza mdomo wazi. Halafu akauliza swali ambalo nilikuwa naliogopa: "Tutapanda saa ngapi?"

Hatukupanda. Tiketi ya kupanda huuzwa kwa muda maalumu, na katika bei ya matembezi haikuwemo. Hata ingekuwemo, mtoto chini ya miaka minane haruhusiwi kabisa kupanda, na mikoba yote sharti iachwe sehemu ya kuhifadhia kabla ya kuingia, jambo ambalo nalo lina foleni yake. Karatasi ilikuwa na picha ya Mnara inayojaza nusu ukurasa. Kuhusu umri haikuwa na mstari hata mmoja, na haya ni matembezi yaliyowekewa alama ya "yanafaa familia".

Nirudi Florence, maana huko ndiko nilikoanza kupandwa na hasira. Kituo cha kwanza kilikuwa Piazzale Michelangelo, uwanja juu ya kilima unaoutazama mji mzima. Mandhari yale hayana mfano, naomba nisiwe mchoyo. Katikati ya uwanja kuna sanamu ya David, yule Daudi wa Biblia, ya shaba iliyoota kijani. Watu wakapiga picha, mwongozaji akasema hii ni nakala. Tukashuka mjini, tukafika Piazza della Signoria mbele ya Palazzo Vecchio, kuna David mwingine, mweupe, mkubwa, anatazama upande ule ule. Simu zikatoka tena. Mwongozaji, kwa uaminifu wake, akasema na huyu pia ni nakala, amewekwa hapo mwaka 1910. Yule aliyechongwa na Michelangelo kati ya 1501 na 1504 alihamishwa mwaka 1873, yuko ndani ya jumba la makumbusho la Accademia, mwendo wa dakika kama kumi kutoka pale. Mwanangu mdogo akauliza kwa sauti ambayo kundi zima lilisikia: "Kwa hiyo wa kweli tunakwenda kumwona sasa?"

Mwongozaji akatazama saa yake. Accademia haikuwemo. Ratiba ilichosema ni kwamba tutamfurahia David wa Michelangelo, na sasa nikaelewa kwamba aliyeandika ratiba hakusema uongo kiasi cha kushtakiwa. Tulikuwa tumewafurahia Madavidi wawili, hakuna hata mmoja aliyeguswa na patasi ya Michelangelo.

Vile visikilizio vya masikioni navyo ni hadithi. Wazo ni zuri: mwongozaji anaongea taratibu, nyote mnamsikia hata mkiwa nyuma. Lakini Piazza della Signoria ina makundi kumi kwa wakati mmoja, na kifaa changu kilikuwa kikiruka kwenda kwa mwongozaji wa Wajerumani kila nikipita karibu naye. Mama mkwe alikuwa na tatizo kubwa zaidi. Ukiachwa nyuma umbali fulani sauti inaanza kukwaruza, kisha inakatika. Yeye anatembea polepole, barabara ni za mawe, mimi niko naye. Kwa hiyo nusu ya maelezo tuliyolipia tuliyapata kama redio ya kijijini wakati wa mvua, na kila tulipolifikia kundi, kundi lilikuwa linaondoka. Yaani aliyechoka ndiye asiyepumzika. Kama kuna kitu kimoja ningependa ukifikirie kwa ajili ya mama yako, ni hicho. Kwenye kundi la watu hamsini mwendo unapangwa na walio mbele.

Kisha tukapelekwa duka la bidhaa za ngozi. Mtaa wa Santa Croce una sifa ya ngozi tangu zamani na sina ubishi na hilo. Kijana nadhifu akatuweka kwenye chumba, akawasha kiberiti cha gesi na kupitisha moto kwenye koti kuonyesha kwamba ngozi halisi haiyeyuki, akacheka na watoto, akafungua milango miwili ya dukani na kusimama kati yetu na mlango wa kutokea. Dakika arobaini. Nilizipima, maana nilikuwa nimeshaanza kupima kila kitu. Muda wa kujitegemea, ambao humo ndimo ule, uende choo, na kama una mbio uone ndani ya Kanisa Kuu, ulikuwa saa moja. Foleni ya Kanisa Kuu ilikuwa imezunguka kona. Watoto wakaliona kuba lake, lililojengwa na Brunelleschi, kwa nje, shingo zimepinda, wakaridhika, kwa sababu watoto huridhika upesi kuliko sisi.

Barabara ya kutoka Florence kwenda Pisa na Livorno wenyeji huiita FI-PI-LI, na siku ile ilikuwa imeziba. Dakika zote zilizopotea humo zilikatwa kwenye Pisa. Tulipofika maegesho tuliambiwa tuwe tumerudi kwenye basi baada ya saa moja na kidogo. Toa kutembea kwenda na kurudi, mbele ya Mnara tulibaki na muda wa kupiga picha na kutafuta choo. Mama mkwe alibaki ndani ya basi kwa hiari yake. Amekwenda Pisa na hajauona Mnara, na mpaka leo mume wangu akianza kuisifu ile safari anakohoa.

Sasa, kuna upande mmoja nisioweza kuudharau. Katika ile foleni ya magari hakuna aliyeogopa kuachwa. Ukiwa kwenye matembezi yaliyouzwa na meli yenyewe na basi likachelewa, meli inawangoja, au kampuni inabeba jukumu la kuwafikisha bandari inayofuata. Ukienda kivyako na ukachelewa, utaiona meli ikiondoka, na gharama ya kuifuata ni yako. Hicho ndicho kitu halisi unacholipia: basi na dhamana ya kutoachwa. Matembezi yenyewe huendeshwa na kampuni ya huko nchi kavu, meli ni dalali. Kwa hiyo mimi sasa huuliza kitu kimoja tu kuhusu kila bandari: mji ninaoutaka uko umbali gani na gati? Ukiwa mbali, dhamana ina thamani. Ukiwa karibu, naona ni pesa ya bure.

Safari hiyo hiyo tulifika Napoli. Pale gati liko mjini kabisa, unashuka ngazi na kasri la Castel Nuovo limesimama mbele yako. Hatukununua kitu. Tuliingia kasri, tukakaa pale mama mkwe alipotaka kukaa, tukarudi melini mdogo alipoanza kusinzia. Kwa Roma, ambayo meli huifikia kupitia bandari ya Civitavecchia na ni mbali, meli nyingi huuza usafiri mtupu: basi la kwenda na kurudi, hakuna mwongozaji, hakuna duka la ngozi, dhamana ipo. Hilo ndilo chaguo ambalo halitangazwi sana na kwa familia naliona bora kuliko yote.

Kwa siku yenu ya Livorno ningefanya hivi. Chagua mji mmoja, na kwa magoti ya mama uwe Pisa. Basi la bandarini likufikishe katikati ya Livorno, teksi hadi kituo cha Livorno Centrale, halafu treni, ambayo kwa Pisa ni kama robo saa au zaidi kidogo. Kutoka Pisa Centrale chukua teksi nyingine hadi karibu na Mnara, usimtembeze mama. Tiketi ya Mnara nunua mtandaoni mapema ukichagua saa, na soma masharti ya umri. Hukusema watoto wako wana miaka mingapi. Kama mmoja hajafika minane, mtu mzima mmoja apande na mkubwa, mwingine aingie na mdogo kwenye Nyumba ya Ubatizo, lile jengo la duara mbele ya Kanisa Kuu la Pisa. Mle ndani wahudumu huimba noti chache mara kwa mara, mwangwi unazirudisha zikiwa zimejipanga kama kwaya, na si lazima kupanda ghorofani. Mama ataketi asikilize. Mrudi Livorno mchana, mkiwa na saa kadhaa za akiba kabla ya muda wa mwisho wa kupanda meli. Na muda huo usomeni kwa saa ya meli, maana mara nyingine haifuatani na saa ya simu.

Kuhusu malalamiko, kwa kuwa aliyenitangulia kujibu amesema ni kazi bure: si kweli, ila inategemea unalalamikia nini. Jioni ile ile nilikwenda dawati la matembezi na ile karatasi ya maelezo mkononi. Sikutaja uchovu wala hasira, kwa sababu hayo wanayasikia kila siku na wana tabasamu la kuyajibu. Nilionyesha mistari miwili: muda uliotajwa wa kukaa Pisa dhidi ya tulioupata, na alama ya "yanafaa familia" dhidi ya sharti la umri lisiloandikwa. Duka la ngozi lilikuwa limeandikwa kwa herufi ndogo kabisa chini, kwa hiyo nililiacha. Walirudisha sehemu ya pesa kama salio la kutumia melini. Jirani yetu wa kiti cha nyuma alisubiri hadi arudi nyumbani ndipo aandike, akajibiwa kwa barua ya pole.

Na kama tayari umeshayalipia, angalia leo mwisho wa kughairi. Kampuni nyingi hurudisha pesa zote ukighairi kabla ya muda walioweka, na muda huo hufungwa kabla meli haijafika bandarini, si asubuhi ya safari. Ukiona bado uko wazi, ghairi kwanza, kisha njoo uniulize habari za treni.