Nozo kubwa zilivyonilaza Kitonga siku tatu

Juzi kijana mmoja kanitumia meseji ndefu, ana lori la Scania R420, anataka nimwambie aweke injekta gani kubwa (kile kifaa kinachopuliza dizeli kwenye silinda) ili gari ipande mlima kama V8, ile ya injini ya silinda nane. Nikacheka, halafu kicheko kikakata, maana hilo swali ndo nilimuuliza fundi wangu miaka sita iliyopita na jibu lake nalilipia mpaka leo kwa namna fulani.

Mi nilikuwa na lori la Howo 371, farasi 371. Tuliokuwa nazo tunazijua, injini ya lita 9.7, pampu ya kawaida, haina mambo ya kompyuta, ikizima unatoa upepo mnaondoka. Shida yangu ilikuwa wivu tu, niseme ukweli. Jirani yangu wa yadi alikuwa na gari ya farasi 420, tunapakia pamoja Dar, mbolea ile ile, tani zile zile, mpaka Ruaha Mbuyuni tuko wote halafu ukianza mlima Kitonga yeye anapotea, mimi nabaki gia ya chini natambaa na malori ya saruji. Dereva wangu hakuwa na neno, ni mimi mwenye gari niliyekuwa naumia.

Nikaenda Gerezani, kule Dar kwenye maduka ya spea. Muuza spea mmoja, simtaji, akanitolea boksi la nozo sita, zile ncha za injekta zenye matundu ya kupulizia dizeli, akasema "hizi ni za injini kubwa, matundu yake makubwa, zinaingia kwako bila shida". Laki tisa. Kweli ziliingia, na hapo ndipo nilipoliwa, kwa sababu nozo kuingia kwenye tundu haimaanishi chochote. Fundi akazifunga, na akaongeza pampu kidogo, "tuilishe vizuri bosi". Tulivyowasha ikatoa moshi mweusi wa kutosha, mi nikafurahi, nikaona nguvu hiyo. Aisee.

Safari ya kwanza gari ilivuta kweli, sitadanganya. Dereva alivyorudi akaniambia, "Bosi, inakula mafuta, na geji ya joto sio kawaida yake." Nikamjibu jibu baya ambalo sitaliandika hapa. Safari ya pili akarudia, moshi umezidi na oili imekuwa nyepesi. Nikamwambia aendeshe, asinifundishe gari yangu.

Safari ya tatu saa nane usiku simu ikaita, gari imekufa Kitonga, kwenye kona, nusu ya barabara. Wanaojua ule mlima wanajua maana yake, foleni juu na chini, matusi ya lugha zote mpaka ya Kikongo. Siku tatu tulilala pale, utingo anaweka majani barabarani, mi nimepanda basi kutoka Dar na fundi mwingine, mzee wa Iringa.

Yule mzee alifungua hedi taratibu bila kuongea. Pistoni namba nne ilikuwa imetoboka, ukingo wa lile bakuli, shimo la juu ya pistoni panapowakia dizeli, umeyeyuka kama mshumaa. Lakini kilichonifunza ni zile tano zilizopona. Akanionyesha kwa bisibisi, "angalia hizi alama, kila tundu la nozo limechora hapa". Alama zote zilikuwa zimekaa nje ya bakuli. Dizeli ilikuwa haipulizwi ndani panapotakiwa, inapulizwa kwenye ukingo na nyingine ukutani kwenye laina ya silinda, inaosha oili, ndo maana oili ilikuwa nyepesi na inanuka dizeli.

Akachukua nozo ya zamani na mpya, akazifuta kwa kitambaa, akaniambia soma. Kwenye shingo zote zimeandikwa DLLA halafu namba. Ile namba inayofuata DLLA ni digrii za mpulizo, ukiona 150 maana yake mwavuli wa dizeli umefunguka digrii 150, halafu P ni aina ya mwili wa nozo, P ni nyembamba kuliko S. Zangu zote zilikuwa P kwa hiyo zikaingia vizuri, ila digrii hazikufanana kabisa. Muda wote huo namba ilikuwa imeandikwa, na mimi najua kusoma!

Na bado. Kwenye matundu mawili alikuta washa mbili za shaba, vile viduara vya kuziba chini ya nozo, ya zamani haikutolewa, mpya ikawekwa juu yake. Nozo imenyanyuka, mpulizo nao umehama. Kitu kidogo kinachoweza kukaa kwenye kucha.

Ovahoo, kufungua na kujenga injini upya, ilinitoka milioni tisa na ushee, hapo sijahesabu mzigo uliochelewa. Yule fundi wa kwanza aliniambia ni mafuta ya kuchakachua. Sawa, mafuta machafu yanakula nozo, hilo halina ubishi, lakini mafuta hayahamishi digrii.

Sasa wewe kijana wa R420. Kwanza jua una mfumo gani wa kulisha dizeli. Kama ni PDE, ile injekta inasukumwa na kemshafti, kila silinda na yake. Kama ni HPI ni habari nyingine, na XPI ni komonreli, yaani bomba moja la presha kubwa linalolisha injekta zote, hiyo walitengeneza Scania na Cummins pamoja. Haziingiliani, usidanganywe. Soma namba ya iliyotoka, tafuta hiyo hiyo. Komonreli nyingi kila injekta ina namba yake ya siri (code) imeandikwa juu, lazima iingizwe kwenye kompyuta, usipoingiza gari inaweza kunoki, injini inagonga, na utasema injekta feki. Na usipapase bomba la komonreli kutafuta linapovuja, presha inapita bar elfu moja, inatoboa ngozi na unaishia hospitali.

Halafu hili la V8. V8 ya Scania ni lita 16, yako ni 12. Nguvu ni hewa na dizeli vikutane kwa kipimo, kama tabo, ile inayosukuma hewa kwenye injini, haileti hewa zaidi basi dizeli unayoongeza inatoka bombani nyeusi au inayeyusha pistoni. Kwenye pampu ya zamani nozo haipimi hata mafuta, pampu ndo inapima, nozo kazi yake kupuliza. Kwenye yako kompyuta ndo inaamua. Kwa hiyo soma namba, pima nozo kwenye mashine kabla ya kufunga, uone inafungukia bar ngapi, inapuliza ukungu au inadondosha, toa washa ya zamani, rudia kusoma namba. Watu mnapenda shotikati sana, mnataka gari la milioni mia lipande kwa laki tisa, mnamsikiliza muuza boksi mnamwacha dereva anayelala kwenye hiyo gari. Dereva akisema joto limepanda, limepanda!

Dereva wangu aliacha kazi wiki ile ile gari ilipopona. Mwezi uliopita nimemkuta mizani ya Mikese, anaendesha 420 ya watu. Akanisalimia vizuri tu, shikamoo bosi, halafu akaniuliza kwa upole siku hizi nafunga nozo za namba gani.