Cheo kimeota mbawa baada ya kutaja mimba

Pole dada, ila hiyo si bahati mbaya. Uliahidiwa usimamizi wa zamu, ukataja ujauzito, wiki iliyofuata kapewa mwingine na bosi anakwambia "wewe pumzika kwanza". Huruma usiyoiomba, ishtukie. Kwa hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini na inataja ujauzito waziwazi, pamoja na kabila, dini, umri, ulemavu na VVU. Uzuri wake ni huu: ukishaonyesha dalili za ubaguzi, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakukubagua. Kwa hiyo usifute meseji hata moja, andika tarehe na nani alikuwepo, halafu lalamika kwa maandishi na nakala ubaki nayo (kwa mdomo watakuruka kimanga). Wakikaa kimya nenda CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi) mapema. Kama hujaachishwa kazi una siku 60. Ukiachishwa, 30 tu. Laiti wangebandika vigezo vya kupandishwa cheo kabla ya usaili, bosi asingepata pa kujificha. Na likizo yako ya uzazi, siku 84 zenye malipo, iko palepale.