Oda imetoka, we umeisoma?

Haya, shule zimefungwa na jeshi la huku unyamwezini, Marekani, limeanza kuhamisha watu kama kila kiangazi, maswali yenu wake wa wanajeshi yamenijaa mpaka nayapanga mafungu. Fungu kubwa kuliko yote ni la wanaoanza na "anti, eti mume wangu kasema". Mumeo kasema, sawa, ila oda ni karatasi ya amri ya uhamisho, ina jina lake na mara nyingi ina jina lako na majina ya watoto, kwa nini hujaisoma mwenyewe?

Anti, tunahamia kambi ya Fort Hood, Texas, mwezi ujao. Nimeona nyumba nzuri Killeen mtandaoni, mwenye nyumba yuko nje ya nchi kikazi, anataka dipoziti halafu atume funguo kwa posta. Nitume?

Usitume. Huyo hana nyumba.

Mume anataka tupange mji wa mbali ambako kodi ni nafuu. Posho ya nyumba itapungua?

Haipungui. BAH, yaani hiyo posho ya nyumba, inapigwa kwa cheo chake, kama ana familia au hana, na zipkodi (namba ya posta ya eneo) ya kituo cha kazi, sio mnapolala. Mkipata nyumba ya chini ya posho chenji ni yenu, ila mkikaa nyumba za kambini kwa kawaida posho yote inaenda kwa kampuni inayoziendesha. Sasa hujaniuliza lakini nakwambia, mna magari mangapi? Mimi niliwahi kukaa maili thelathini kutoka kambini na gari moja, baba watoto anaondoka nalo saa kumi na moja alfajiri kuwahi mazoezi anarudi jioni, nilikaa miezi minne naongea na friji. Hela tuliyookoa kwenye kodi ikaishia kwenye mafuta, na ile ya kununua gari la pili tukaikopa kwa riba ya ajabu kwenye yadi moja ya magari iliyoko nje ya geti la kambi. Zile yadi ziogopeni, zinajua tarehe ya mshahara kuliko nyie.

Mkataba wa pango umebaki miezi saba, oda imetoka. Mwenye nyumba anasema tulipe yote saba. Mume amesema tulipe tu yaishe.

Yaishe kwa hela ya nani? Kuna sheria inaitwa SCRA, ya serikali kuu, inafanya kazi majimbo yote. Mwanajeshi akipata oda ya uhamisho anavunja mkataba bila faini: unaandika barua, unaambatanisha nakala ya oda, unampa mwenye nyumba na unabaki na ushahidi kwamba kaipata. Mkataba unakufa siku 30 baada ya tarehe ya kodi inayofuata. Yaani ukimpa barua tarehe 12 Juni na kodi yenu inalipwa tarehe 1, mnalipa ya Julai na mwisho wa Julai mmemalizana. Ndo maana nawaambia msikae na barua wiki tatu, ukiipeleka tarehe 2 Julai umejiongezea mwezi mzima. Na siku ya kusaini nyumba mpya angalieni kama kuna karatasi ya pembeni inasema mnaachia haki zenu za SCRA, wapo wanaoichomeka katikati ya karatasi za mbwa na parking. Mkiona hamuelewi kambini kuna ofisi ya wanasheria, bure, na wewe mke unaingia na kitambulisho chako.

Mume yuko Korea mwaka mzima, mimi na watoto ndio tunahama. Kila ofisi naambiwa mpaka mwenyewe awepo. Nilie?

Lia kidogo halafu mpigie. Hili ndo swali ninaloimbia kila mwaka. Kabla hajaondoka alitakiwa akuachie ile karatasi ya mwanasheria inayokuruhusu kusaini kwa niaba yake, inayotaja kabisa kwamba ni kwa ajili ya kusafirisha mizigo, nyumba, gari, kila kitu kwa jina lake, maana ile ya jumla jumla ofisi nyingine wanaikataa. Bila hiyo wewe mbele ya kaunta ni mgeni tu hata kama mna watoto watano. Hata huko aliko anaweza kuiandaa akaituma, aanze leo.

Na wewe, kwa sababu umetaja huko mwisho wa barua kwamba grinikadi yako (kadi ya ukaazi) ni ya miaka miwili, nisikilize vizuri. Ukihama una siku 10 kuwaambia USCIS, idara ya uhamiaji, anuani mpya, ni fomu ya AR-11, unafanya mtandaoni kwa dakika chache. Kubadilisha anuani posta hakuwaambii USCIS chochote, kubadilisha DEERS, ile orodha ya jeshi ya familia, hakuwaambii chochote, na hapana, jeshi halikufanyii. Halafu ile I-751, fomu ya kuondoa masharti kwenye hiyo kadi ya miaka miwili, inatumwa ndani ya siku 90 kabla kadi haijaisha, hesabu mwenyewe uandike ukutani. Namjua dada barua yake ya uhamiaji ilienda nyumba ya zamani, mume alikuwa "anashughulikia", akaja kugundua yuko uwanja wa ndege anaenda msiba nyumbani.

Mimi ni CNA (msaidizi wa nesi) Tennessee, tunahamia jimbo la Washington, leseni yangu si inafanya kazi kote?

Hapana, unachanganya na manesi. RN na LPN, yaani manesi wenyewe, ndo wenye ule mkataba wa majimbo kutambuana leseni, Tennessee imo, Washington iliingia 2023, California haimo. CNA unaomba rejista ya jimbo jipya ikutambue, anza kabla hujafunga maboksi. Tunza risiti, jeshi linarudisha gharama za leseni za mke mpaka dola 1,000, ila dai linapitia kwa mumeo kwa hiyo msumbue.

Shule mpya hawampokei mtoto mpaka faili lake lifike.

Waambie mko chini ya mkataba wa watoto wa wanajeshi, majimbo yote 50 yamo. Wanampokea kwa nakala ulizopewa mkononi, darasa lilelile, na chanjo zilizobaki una siku 30. Wakibisha muone school liaison wa kambini, afisa anayeunganisha familia na shule, ndo kazi yake.

Tumepangiwa Fort Wainwright, Alaska. Ninunue jaketi gani?

Jaketi utanunua hukohuko. We fikiria gari, Fairbanks, mji wa hapo kambini, gari linachomekwa kwenye umeme kama simu ili injini isigande. Baridi inaweza kufika 40 chini ya sifuri, hapo Selsiasi na Farenhaiti ni namba ileile. Desemba jua halifikishi masaa manne kwa siku, Juni linachelewa kuzama mpaka watoto wanagoma kulala, beba mapazia mazito.

Anti, huko Clarksville, Tennessee, Wabongo wapo?

Jamani. Kila wiki. Wapo, na Wakenya wapo wengi zaidi, nenda duka la Waafrika uliza unga utawapata wote siku hiyohiyo. Ila jirani anayeangalia mtoto wako ghafla saa nane usiku atakuwa yule mama wa mlango wa pili aliyekuja na keki ukajifanya hujamsikia. Na kwenye upatu, kabla hujaweka hata dola mia, ulizeni kila mmoja wenu anahama lini. Mimi nilikuwa zamu ya nane, aliyepokea ya tatu sasa hivi yuko Ujerumani anaposti maua.