Ukungu wa Molo na sufuria ya githeri

Umesema umehamia Molo juzi juzi, ukungu hauondoki, Jumamosi nzima unashinda kitandani na simu mpaka jioni kichwa kizito, na unauliza wenzako hupitishaje siku kama hizo. Pole. Mimi ni mzaliwa wa Kisumu, kule Julai unalala na shuka moja. Nilipoletwa huku kikazi nilidhani baridi ni suala la kuongeza blanketi tu.

Nianze na kosa langu, maana lazima kuna mtu atakwambia uingize jiko ndani ujifungie. Nyumba niliyopanga ni ya mbao, na upepo hupenya kwenye nyufa bila hodi. Jumamosi moja nikakunja magazeti ya zamani, nikaziba kila ufa niliouona, nikasukumiza taulo chini ya mlango. Kisha nikaingiza jiko la makaa, nikajifunika. Raha! Haukupita muda kichwa kikaanza kugonga, miguu ikalegea, nikafikiri ni malaria nimekuja nayo kutoka ziwani. Shosho wa jirani, bibi mzee, alikuja kuomba chumvi. Alisukuma mlango, akaliona lile jiko, akanikokota nje kwa mkono. "Wewe kijana, unataka tukuchangie matanga?"

Makaa hutoa kaboni monoksaidi, na gesi hiyo haina rangi wala harufu. Hata yakishakuwa mekundu na moshi umekwisha, bado yanaitoa. Tangu siku hiyo jiko langu hukaa kibarazani chini ya mabati, halivuki kizingiti, na magazeti ya dirishani niliyatoa. Ndani napata joto kwa soksi mbili, sweta zito la mtumba na chupa ya chai ya tangawizi. Inatosha, kweli.

Sasa siku yenyewe. Shosho aliniuliza kitu kimoja: "Umepika nini leo?" Nikamwambia mkate na chai. Akacheka. Kwake siku ya ukungu ni siku ya githeri, kwa sababu githeri haitaki haraka na haikubali uende mbali. Mahindi makavu na maharagwe hulowekwa usiku. Asubuhi unamwaga yale maji, unaweka mapya, unabandika. Na huku utangoja zaidi ya ulivyozoea: tuko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka yakifika kama nyuzi 92 tu. Maharagwe niliyozoea kuyala mchana kule nyumbani, hapa naweza kuyabandika saa tatu asubuhi na saa saba bado yananitazama. Zamani ningekasirika. Siku hizi ndicho ninachokitaka, maana kila nusu saa lazima uinuke, uongeze maji ya moto (ya baridi huyakatiza), upepee makaa, uonje punje moja. Huwezi kuzama kitandani. Chumvi weka mwishoni, shosho ni mkali sana kwa hilo.

Katikati ya kuinuka inuka huko ndipo mambo mengine yanapoingia. Kiti nimekihamishia dirishani, mwanga uliopo ni ule ule mchache, usiupoteze kwa pazia. Nashona vifungo. Nasikiliza redio ya betri, ingawa mvua ikishika mabati husikii hata taarifa ya habari. Stima ikipotea sishtuki tena.

Lakini kitu nilichokipenda kuliko vyote ni ajua, mchezo wa bao. Kwetu wazee huicheza kwenye ubao wenye mashimo, na huku sikuwa nao. Nikachukua trei mbili za mayai, nikakata safu mbili mbili za vikombe na kuziunganisha kwa uzi, na kete zikawa maharagwe niliyoyatupa wakati wa kuchambua, yale yaliyotobolewa na wadudu. Wajukuu wa shosho wawili walikuja kuchungulia. Nikawafundisha kupanda kete, moja moja kila shimo, na kula za mwenzako. Yule mdogo, wa darasa la tatu, alinifunga mara nne siku ya kwanza. Nadai aliiba, ila sina ushahidi. Siku hizi mawingu yakishuka kidogo tu nasikia hodi, na sitawaambia kwamba mimi ndiye huwa nimeshaziweka trei mezani.

Watoto huwa na njaa kabla githeri haijaiva, kwa hiyo weka viazi vichache vya shangi pembeni ya jiko, kwenye jivu la moto. Huiva upesi. Wacha vipakae midomo masizi.

Jioni ndiyo githeri inakaangwa: kitunguu, nyanya, hoho kidogo, na viazi vilivyobaki ukivikata vipande. Kikombe kimoja cha maharagwe kwa viwili vya mahindi kinanitosha mimi, shosho na wale wezi wa kete, na inabaki ya kupasha Jumapili. Ukitaka kujaribu Jumamosi hii, nunua maharagwe mapya sokoni. Yaliyokaa dukani mwaka mzima, kwa baridi hii, hayataiva hata uyabembeleze mpaka usiku.