Sanduku la Kufuli Tatu: Maswali ya Wanaoandika Riwaya za Mauaji

Riwaya yangu iko Makambako. Muuaji ni mgeni aliyeshuka basi la usiku. Kuna ubaya? (Makambako)

Upo, na swali hili mmelileta hadi limechakaa. Kweli, hapo ndipo barabara ya Njombe na Songea inapoachana na ya Mbeya, na reli ya TAZARA inapita, kwa hiyo wageni hawakosekani. Lakini msomaji amemshuku mjane, mpangaji na fundi cherehani kurasa 200, halafu unamletea mtu asiyewahi kumwona? Muuaji aonekane kabla theluthi ya kwanza haijaisha. Awe na kazi, asalimie watu, achangie rambirambi. Huyo mgeni mbebeshe lawama tu: mji wote umrukie kwa kuwa kumshuku jirani kunauma.

Washukiwa wawe wangapi? (Mafinga)

Watano, au sita ukiwa mzoefu. Kumi na wawili huo ni mkutano wa kijiji.

Ila miswada mingi haifi kwa idadi. Inakufa kwa sababu washukiwa hawana kinachowafunga pamoja zaidi ya kuishi mtaa mmoja. Chukua kikoba, kile kikundi cha kuweka na kukopeshana hela. Sanduku la chuma lina kufuli tatu, kila ufunguo uko kwa mwanachama wake, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Sasa huyo wa nne kauawa wiki mbili kabla ya kuvunja kikoba na kugawana hela. Sanduku limekutwa wazi, hela hakuna, na kufuli hazina hata mkwaruzo. Hakuna awezaye kulifungua peke yake. Ama watatu wote wanajua, ama mmoja alichongesha funguo za wenzake, ama halikufungwa tangu kikao cha mwisho na waliobaki kuhesabu hela wanalijua hilo.

Halafu kila mmoja mpe uongo usiohusu mauaji. Wa kwanza alimwachia mumewe ufunguo. Wa pili aliupoteza tangu mwezi wa tatu, akaona haya kusema. Wa tatu alichukua hela ya mbolea ya viazi bila kuandikwa daftarini. Wote watamdanganya mpelelezi, na mmoja tu ndiye kaua. Hapo hata mwenyekiti wa mtaa anayejua habari zote atakuwa na sababu ya kunyamaza, hasa kama mkewe ndiye wa tatu.

Maiti imekutwa alfajiri, Njombe, mwezi wa saba. Daktari aseme marehemu alikufa saa ngapi? (Njombe)

Asiseme "saa tano na dakika ishirini usiku". Daktari wa kweli anataja kuanzia muda fulani hadi muda fulani.

Mwili huanza kukakamaa saa 2 hadi 4 baada ya kifo, taya na shingo vikitangulia. Baada ya saa 12 hivi umekakamaa wote, na baada ya siku moja au moja na nusu unaanza kulegea. Baridi inachelewesha mambo haya yote, na chumba kisicho na dari huko kwenu mwezi huo ni kama jokofu. Muuaji anayejua hivyo atafungua dirisha.

Angalia na madoa. Damu hushuka upande wa chini wa mwili na kuacha madoa ya zambarau, na baada ya saa 8 hadi 12 hayahami tena. Aliyekutwa kifudifudi na madoa yako mgongoni, jua alihamishwa. Yakiwa mekundu ya kung'aa, daktari aulize jiko la mkaa lilikuwa wapi usiku ule. Baridi kali nayo inaweza kuyafanya mekundu, kwa hiyo hapo madaktari wawili wabishane sura nzima. Na nyie wenyewe acheni kulala na jiko la mkaa milango ikiwa imefungwa. Hilo si la riwaya.

Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo akimhukumu muuaji kunyongwa, kitabu kimeisha? (Kyela)

Mahakama ya Mwanzo haisikilizi kesi ya mauaji, jamani. Ni Mahakama Kuu. Mshtakiwa huanza kufikishwa mahakama ya chini, hatakiwi kujibu lolote, upelelezi haujakamilika, kesi inaahirishwa. Tumia hapo: mji umejaa uwanjani kusikia kauli yake, naye haruhusiwi kusema neno.

Mganga amtaje muuaji sura ya mwisho? (Vwawa)

Hapana. Hiyo ni ramli chonganishi, na vikongwe wameuawa kwa sababu yake. Macho mekundu ya bibi yametokana na moshi wa kuni, uandike hivyo. Ukitaka mganga awemo, aingie mapema, ataje jina lisilo lenyewe, na mpelelezi wako aache kuuliza kuhusu jina hilo aanze kuuliza nani alilipia ramli.

Wazee wangu wanakunywa ulanzi mbichi kilabuni mwezi wa kumi. Sawa? (Iringa)

Ulanzi, pombe ya mianzi, hugemwa wakati wa mvua, na mwezi wa kumi mvua bado. Wape komoni, pombe ya nafaka.