Ukifuata mzigo Bangkok, bakiza siku mbili za mto

Sisi wa Kariakoo Bangkok tunaijua kwa Pratunam. Unashuka, unalala hoteli ya jirani na soko, alfajiri uko vibandani unabishana bei ya blauzi, siku ya nne unafunga mzigo na kuukabidhi kwa wakala wa kago, basi, unarudi nyumbani. Safari zangu tatu za kwanza zilikwenda hivyohivyo. Ya nne, mzigo ulikwama kwa wakala siku mbili. Nilinung'unika sana, halafu nikaenda mtoni.

Mto wenyewe ni Chao Phraya. Panda treni ya juu ushuke Saphan Taksin, gati liko hapo chini. Utapigiwa debe upande boti za watalii. Achana nazo, ngoja yenye bendera ya rangi ya machungwa. Hiyo ndiyo daladala yao: konda anapita akichezesha kikopo kirefu cha bati chenye tiketi na chenji, wanafunzi wamesimama, na nauli iko chini ya ile ya watalii.

Shuka gati la Tha Tien, lilipo hekalu la Wat Pho. Hapa nikuonye. Nje ya ukuta nilikutana na mzee nadhifu, akaniambia kwa upole kwamba hekalu limefungwa kwa ibada hadi mchana, ila kuna bajaji ya bei ya bure itakayonizungusha kwingine. Nikapanda. Kituo cha pili kikawa duka la vito, na muuzaji akaanza kunisifia tanzanite. Mimi! Ukiambiwa pamefungwa, nenda hadi dirisha la tiketi ukajionee.

Ndani kuna Buddha aliyelala, urefu mita 46, kimo mita 15. Watu wanapiga picha uso wanaondoka. Wewe zunguka hadi miguuni: nyayo zimenakshiwa kwa magamba ya chaza, alama 108, zinang'aa kama sakafu iliyomwagiwa maji. Nyuma ya mgongo wake yamepangwa mabakuli ya shaba, nayo 108, na watu wanapita wakidondosha sarafu moja katika kila bakuli. Kaa dakika tano usikilize tu.

Kisha vuka kwa kivuko hadi Wat Arun. Kwa mbali mnara unaonekana kama wa mawe. Usogelee: ni vipande vya sahani na vikombe vya kaure kutoka China, vimepachikwa kuwa maua. Nilicheka peke yangu, maana makaburi ya kale ya Kunduchi nayo yalipachikwa sahani za Kichina. Wafanyabiashara wa zamani walifika kotekote.

Mavazi: mabega na magoti yafunikwe, wanaume mkiwemo. Mimi nabeba doti moja ya kanga. Ya kiunoni, ya mabegani, na mchana ya kukinga jua. Vaa ndala, kwani viatu utavua kila mara. Ukikaa chini, nyayo zako zisielekee sanamu. Na mama, usimguse mtawa wala usimpe kitu mkono kwa mkono.

Siku ya pili nilikwenda Ayutthaya, kama kilomita 80 kaskazini, na kama una siku moja tu, ningekushauri uende huko. Treni za kawaida za daraja la tatu huanzia Hua Lamphong, stesheni ile kongwe. Hakuna kiyoyozi, ni feni na madirisha wazi, na wachuuzi wanapita na vyakula. Ondoka mapema, ukifika saa tisa mchana jua litakuwa limeshakuumiza. Mwezi wa Aprili ni tanuri, Novemba hadi Februari ndiyo afadhali.

Mji huu ulianzishwa mwaka 1350 ukawa makao makuu ya wafalme zaidi ya miaka 400, hadi jeshi la Burma lilipouchoma mwaka 1767. Mito mitatu inauzunguka hata ukawa kisiwa. Ndiyo maana ukishuka stesheni unatembea kidogo, unavuka Pa Sak kwa mashua, unafika mjini. Baada ya maangamizi, matofali ya magofu yalipakiwa majini yakateremshwa kwenda kujenga Bangkok. Kwa hiyo ulichokipita jana, sehemu yake ilitoka hapa.

Kodi baiskeli kama magoti yana nguvu. Mimi nilipatana na mwenye bajaji kwa saa, na bajaji za huko zina pua ya mviringo kama chura. Usitake kuona yote. Magofu ni mengi na ya tano yatafanana na ya pili. Wat Mahathat usiiache, penye kichwa cha Buddha kilichokumbatiwa na mizizi ya mti. Ukitaka picha nacho, chuchumaa, kichwa chako kisikipite kimo. Sanamu nyingi hazina vichwa, nyingine kwa vita, nyingine kwa wezi. Usiweke kichwa chako juu ya shingo ya sanamu ukajichekesha, wenyeji wanaudhika.

Jioni niliimalizia Wat Chaiwatthanaram, ng'ambo ya mto magharibi, iliyojengwa mwaka 1630. Matofali yalikuwa yanageuka rangi ya kaa la moto, na chini yake mashua zinapita taratibu zimebeba watu wasio na haraka. Hapo nilikaa hadi mlinzi alipoanza kutuangalia.

Tambi za mashua, yaani tambi za mchuzi zilizokuwa zikiuzwa kwenye mashua, zinasifiwa sana, ila mchuzi wake mara nyingi hutiwa damu na nyama ya nguruwe. Waislamu wamo mjini humo tangu enzi za wafalme. Sheikh Ahmad, mfanyabiashara kutoka Qom, Uajemi, alipanda hadi kuwa ofisa mkubwa wa mfalme, na kaburi lake liko hukohuko. Tafuta vibanda vya Waislamu wanaouza roti sai mai: kichapati chembamba unachokunjia nyuzi za sukari za rangi. Nilinunua mfuko mzima, nikala nusu kwenye treni ya kurudi, na nilipofika hotelini nyuzi zilikuwa zimegandana na risiti za Pratunam mkobani.